Ombi Lililoanza kwa Shikamoo

Asubuhi ile nilikaa katika ofisi yetu ya kupanga, mtaa wa Cheyo, nikiitazama skrini kama mtu anayeuguza. Mfumo wetu ulikuwa umeanza kazi jana yake. Zahanati za vijijini zilituma maombi ya dawa za dharura kwa ujumbe wa simu. Seva yangu ya kati iliyapokea, kisha kupitia API, kiungo cha kuzungumzisha programu mbili, ikayakabidhi kwa injini ya mtiririko wa kazi, yaani programu inayolipeleka kila ombi kwa wahusika kwa zamu: mtunza bohari, daktari, dereva. Niliziunganisha programu hizo kwa imani kubwa. Kabla ya hapo dawa ilimfikia upesi muuguzi aliyejuana na watu wa bohari, na asiyejuana na mtu alingoja. Mashine, niliwaza, haina shemeji wala mtani.

Hofu yangu ilikuwa mtandao. Ujumbe mmoja uliweza kuingia mara mbili, na dawa adimu ikatumwa mara mbili. Kwa hiyo niliiwekea seva sharti: nambari ikishafungua ombi, ujumbe unaofuata kutoka nambari hiyo ni marudio, utupwe. Sharti hilo lilifaulu majaribio yote, na aliyejaribu kila mara nilikuwa mimi.

Simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja upande wa Choma.

"Mdogo wangu, dawa imefika wapi?"

"Dawa ipi, dada?"

"Ya sumu ya nyoka! Nina mfugaji hapa kagongwa na kifutu, mguu umevimba hadi gotini. Mfumo wenu umenijibu kwamba ombi linashughulikiwa. Nami nikamwambia mke wake atulie, inakuja."

Nililifungua ombi lake. Ndani mlikuwa na neno moja tu: Shikamoo. Lilikuwa kwenye zamu ya mtunza bohari, limetulia. Nikampigia mtunza huyo, mama mtu mzima aliyekuwa bohari ya Igunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Kuna mgonjwa Choma, amegongwa na nyoka, wanahitaji dawa sasa hivi."

"Choma? Yule binti kanisalimia tangu asubuhi, nami nikamwitikia. Nikawa nangoja aseme shida yake. Kumbe anayo shida kubwa namna hiyo! Haya, kata simu, nampigia daktari."

Nilikata, na hapo ndipo nilipoelewa. Hata mimi, na hofu yote ile, sikuweza kuanza na nyoka. Nilisalimia, nikangoja kuitikiwa, ndipo nikasema. Muuguzi alifanya vivyo hivyo: alituma salamu peke yake kwanza, kama mtu anayebisha hodi, kisha akatuma haja yake. Seva ikaifanya salamu kuwa ombi, na haja ikaitupa kama marudio. Nilipopekua kumbukumbu za seva niliukuta ujumbe wake wa pili, mrefu, wenye hali ya mgonjwa yote, na mbele yake neno nililoliandika mwenyewe: umetupwa.

Mwenzangu wa meza ya pili aliinama akasoma.

"Injinia, mashine yako haikulelewa?"

Sikuweza kucheka. Dawa ilikuwa imeondoka Igunga kwa pikipiki, ndani ya kiboksi cha baridi, na hapakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Msimamizi wetu alishauri tuwatangazie wauguzi wasisalimie.

"Ni rahisi zaidi," alisema. "Waandike ombi moja kwa moja."

"Kwa mama yule? Hawatafanya, bosi. Na wakifanya, tutakuwa tumewafundisha nini?"

Alinitazama, akainua mabega, akaniacha na kazi. Niliandika upya sehemu ile: ujumbe unaofanana kabisa na uliotangulia ndio utupwe, ulio tofauti uongezwe kwenye ombi lililo wazi na mhusika ajulishwe. Kila baada ya mistari michache niliiangalia simu. Nilimfikiria yule mke aliyeambiwa atulie. Alitulia kwa sababu ya sentensi yangu, ambayo hakuna binadamu aliyeisema.

Jua likiwa limeshapinda, muuguzi alipiga.

"Dawa imefika na ameshachomwa. Uvimbe haupandi tena."

"Atapona, dada?"

"Tunangoja. Mguu sijui. Lakini ameanza kuuliza ng'ombe wake wako na nani."

Tulipoagana nilirudi kwenye seva kwa badiliko la mwisho. Niliifuta sentensi ile, "Ombi lako linashughulikiwa." Mahali pake niliandika: "Ujumbe umefika. Bado haujasomwa na mtu." Ni maneno makavu, na msimamizi hakuyapenda. Lakini nilitaka mwingine akiketi kando ya mgonjwa wake huko Choma, ajue kama anapaswa kutulia au kupiga simu.