Mpuliza Pembe wa Pori la Manonga

Jua ndiyo kwanza linachomoza kando ya Mto Manonga, Shinyanga, na Maganga Jilala anainua pembe ya tandala. Anapuliza. Mamia ya wanaume wanashusha mashoka kwa pamoja, na kichaka kinaanza kulala chini.

Hiyo ndiyo kazi yake kila kiangazi: kuwapa wafyekaji mwendo mmoja, wasichoke wala wasikatane. Ujira wake ni chumvi na nyama.

Ukimwona anavyotunisha mashavu utadhani yuko ngomani. Lakini mwaka 1924 nzi wa ndorobo walimmalizia ng'ombe wote kumi na mmoja, na binti yake Mageni, mchanga wakati huo, akakosa maziwa mpaka mbavu zikahesabika.

"Nzi yule hujificha kichakani na kunyonya damu ya wanyama," anasema. "Tukaambiwa tufyeke, na wanyama wauawe. Tukafyeka. Ng'ombe wamerudi."

Tandala hawakurudi. Mnyama huyu hawezi kuishi peupe. Akitoka tu kichakani anakutana na bunduki. Watu walidhani wamehamia pori la jirani, hadi pori la jirani nalo likafyekwa. Hiki cha leo ndicho kichaka cha mwisho.

Maganga alimwomba mwanangwa, mkuu wa kijiji, wakiache. Akakataliwa. Hata mkewe, Limi, hakumuunga mkono.

"Baba Mageni, huruma ninayo," anamwambia akimpa uji. "Ila kichaka kimoja kinatosha nzi kurudi. Mtoto hanywi huruma."

Ni kweli, na inamuuma.

Karibu na adhuhuri tandala jike anachungulia na mtoto wake, masikio yamesimama. Mbele yao wamejipanga wenye bunduki, bado hawajawaona. Maganga anashusha pembe. Mashoka yanakoma, pembe ikinyamaza ni mapumziko. Wenye bunduki nao wanageukia vibuyu vya maji. Jike anakatiza mbio, mtoto nyuma yake, wanapotelea magharibi.

"Mbona umenyamaza?" mwanangwa anafoka.

"Pumzi imeniishia, baba."

Pumzi anayo tele, kila mtu anajua. Anapuliza tena, na jioni kichaka hakipo.

Kazi ikiisha, Maganga atafunga safari na Mageni kwenda magharibi, hata ikibidi mpaka Chato. Kwa kuwa pembe yake ina ufa, majirani wanasema anakwenda kutafuta nyingine.

"Wanakosea," anasema. "Pembe mwanangu ameizoea. Mnyama mwenye pembe hiyo hajamwona hata siku moja."