Mdomo wa Baba Umekauka na Harusi Imekaribia

Mhariri, jina langu lifiche, na shamba tunalokaa usilitaje, sema tu ni upande wa Njoro. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu. Kuandika nilijifunza kanisani nikiwa tayari na watoto wanne, kwa hivyo wasomaji wa ukurasa huu wasinicheke. Nina hasira. Nimekaa nayo wiki mbili na sasa naona itanipasua.

Mzee wangu amenipita miaka kumi na zaidi. Alikuwa fundi wa mashine za kuvuna ngano kwa mzungu wetu, na tumbaku haikutoka shavuni mwake tangu nilipomjua. Mwaka juzi akatokwa na kidonda ndani ya shavu, upande ule ule wa tumbaku. Tulipaka dawa za miti, tukapaka chumvi, kidonda kikakataa. Hospitali ya Nakuru wakasema ni kansa, apelekwe Nairobi. Yeye hakutaka. Alisema amekula chumvi ya kutosha, aachwe afe na mdomo wake. Ni mimi niliyemlazimisha. Nililia, nikagoma kumpikia, nikamwitia mchungaji, mpaka akapanda gari la moshi.

Nairobi alikaa miezi minne. Wakamng'oa meno, wakamkata kipande cha taya, kisha wakamchoma kwa mashine siku baada ya siku. Kidonda kilipona, sikatai, na Mungu namshukuru. Lakini tazameni mtu niliyerudishiwa. Mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili. Mate yamekauka kabisa, ulimi umekuwa kama ngozi iliyoanikwa. Ugali hawezi, nyama hawezi, hata uji anausukuma na maji na anasema hauna ladha. Upande mmoja wa mdomo wa chini hausikii kitu, kinywaji kinamchuruzika bila yeye kujua. Nilipouliza mate yatarudi lini, daktari akaniambia kwa mtu wa umri ule huenda yasirudi. Sasa mbona hakusema kabla? Mzee haambiwi mwili wake utafanywa nini? Labda ningempeleka hata hivyo, lakini tungejua.

Kwa watu wengine mate ni mate tu. Kwetu sisi, binti akienda kuolewa, baba yake hutia maziwa kinywani akamnyunyizia kifuani mbele ya wazee. Maziwa yanasindikiza tu, baraka iko kwenye mate ya baba. Binti asiyenyunyiziwa huhesabiwa kama ametoroka nyumbani.

Binti yetu wa mwisho anaolewa hivi karibuni. Ni mwalimu wa shule ya misheni, na mchumba wake ni karani wa reli pale Nakuru. Wiki mbili zilizopita mdogo wa mzee wangu alisimama mbele ya wazee akatangaza kwamba yeye ndiye atakayebariki, kwa kuwa mdomo wa kaka yake umeoza na utaleta laana. Mzee wangu alikuwa ameketi pale pale. Siku hizi akisema watu hawamwelewi. Nikajibu mimi. Mwanamke hasemi kwenye kikao kile, najua, lakini nilisema. Nilimwita mnafiki, nikamkumbusha ni nani aliyemlea yeye baada ya baba yao kufa. Wazee wakanitoa.

Shemeji akanifuata nje. Akaniambia polepole, "Shemeji, nitukane utakavyo. Lakini ni mtoto wako aliyekuja kuniomba."

Nikamwambia ni mwongo. Nikaenda shuleni kwa miguu, nikamtoa binti darasani. Hakukana. Alitazama chini akasema, "Mama, wakwe watakuja na watu wa ofisini. Baba akinichuruzikia pale, watasema nini? Mwambie tu ana homa, abaki nyumbani."

Huyo nimemzaa mimi. Alipokuwa mdogo na mgonjwa, baba yake alimtafunia nyama akamlisha kutoka mdomo huo huo anaouonea aibu. Nilitaka kumpiga kofi, nikaona watoto wa shule wanachungulia dirishani, nikaondoka bila kuaga. Shukrani ya punda ni mateke, lakini sikudhani nimefuga punda.

Kinachoniua ni kwamba mzee wangu hajui. Anafikiri ni ubaya wa ndugu yake, na amekata shauri kumwonyesha. Kila asubuhi baada ya kukama anajificha nyuma ya ghala na kikombe cha maziwa. Anatia kinywani, anainua kichwa, anapuliza. Yanamwagika shingoni. Anajipangusa, anaanza tena. Jana nilimkuta shati limelowa mpaka tumboni. Hata hakushtuka. Akaniambia kwa shida, neno moja moja, "Leo yamefika mbali kidogo. Mtoto atapata."

Nikaingia jikoni nikalia kwa hasira.

Wasomaji, hasa nyinyi mliozaa, nipeni akili. Nimwambie ukweli, nimvunje moyo na nimtenganishe na binti anayempenda kuliko wote? Au ninyamaze, nimsimamishe pale na maziwa kinywani, halafu binti yake arudi nyuma watu wakiona? Harusi ni Jumamosi ya tatu kuanzia leo. Nijibuni upesi, maana yeye kesho asubuhi atakama tena.