Goti la Kagio

Tangu tuanze kuingia wodini sikuweza kukaa nikatulia. Nikishika kitabu, mguu unatikisika chini ya meza. Nikilala, nageuka huku na huku mpaka blanketi linaishia sakafuni. Mwenzangu tuliyepanga naye chumba mtaani Majengo alichoka nami. "Kwani umekanyaga siafu?" aliniuliza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa wagonjwa waliotuita daktari na sisi wanafunzi tu, niliogopa vitanda tulivyovikuta vitupu asubuhi, na hofu hiyo ilikuwa imeniingia miguuni.

Dawa ilikuwa moja, mpira. Uwanja wa chuo chetu cha udaktari umeinama upande mmoja, hivyo kipindi kimoja unacheza na kingine unapanda mlima. Nilikimbia pale kila jioni mpaka kifua kikawaka, na siku hizo nililala kama watu wengine. Walinipa ukapteni na nafasi ya beki wa kati. Si kwa ufundi, ni kwa kelele.

Kocha alikuwa mwalimu wetu wa mifupa, mama mfupi wa Mukurweini asiyependa utani. Sheria yake ilikuwa hii: mtu akianguka mazoezini, mpira unasimama, sote tunamzunguka, na aliye karibu anampima kwa sauti. Umeangukaje? Wapi panauma? Chezesha vidole. Mawinga wetu wavivu walijiangusha makusudi ili wapumzike. Basi msimu mzima tulikuwa hodari wa kufunga bandeji, mabao yakatushinda. Katika ligi ya miji ya Mlima Kenya tulifungwa na mapolisi, tukafungwa na walimu, tukafungwa hata na vijana wa bodaboda waliofika wamechelewa na helmeti mkononi.

Kabla ya mechi ya mwisho mkuu wa chuo alikuja kutuona akiwa amevaa gambuti. "Mimi sikuleta nyinyi hapa kucheza," alisema. "Mkishuka daraja, hii kiwanja najenga hosteli. Na timu imeisha."

Tulihitaji sare tu, ugenini Kagio. Wiki ile sikula vizuri. Wenzangu waliongea habari za mitihani nami nikawaza hosteli imesimama pale, na jioni zangu zote nikiwa ndani na ile miguu isiyotulia.

Kagio kulikuwa na jua kali, sisi tuliozoea baridi ya Nyeri tukalowa jasho kabla ya kuanza. Timu yao ilikuwa ya wachuuzi wa soko, watu wanaobeba makreti ya nyanya tangu alfajiri. Walitusukuma kama mizigo. Tuliponea chupuchupu mara nyingi, mwamba wa goli ukatusaidia, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini zikabaki dakika chache na hakuna bao. Nilianza kuamini.

Hapo winga wao akakata kona ghafla karibu na eneo letu la hatari. Hakuna aliyemgusa. Aliangua kilio na kuanguka, na kutoka nilipokuwa niliona mfupa wa goti umehamia pembeni mwa mguu.

Sikuwaza. Nilipiga magoti kando yake. "Umeangukaje?" nikamuuliza. Nilipoinua macho, timu nzima ilikuwa imetuzunguka, kipa wetu akiwa wa kwanza, glavu ameshazitupa.

"Goti imetoka," kipa alisema. "Shika kisigino, nyoosha pole pole."

Nilinyoosha, yeye akasukuma kwa kidole gumba, na mfupa ukarudi mahali pake. Winga akashusha pumzi. Sote tulichekelea. Hatukuwahi kufanya jambo safi namna ile katika msimu mzima.

Ila filimbi haikuwa imepigwa. Mpira ulikuwa umebingirika hadi kwa straika wao. Walioona wanasema alimtazama refa, akatutazama sisi, akatazama goli lisilo na mtu, kisha akausukuma taratibu kama anayeona haya. Mimi nilisikia tu soko zima likilipuka.

Kipa wetu alisimama akimfokea refa. Refa akamjibu, "Ati nipige filimbi ya nini? Nyinyi ndio mmeacha kucheza."

Nilihisi hasira ikipanda, kwa refa, kwa straika, kwa mama wa Mukurweini na sheria yake. Nilitaka kuinuka nikimbie, niende popote, lakini kisigino cha yule winga kilikuwa bado mkononi mwangu, na goti lililotoka karibuni haliachwi hivi hivi.

"Hiyo kelele ni ya nini?" winga akaniuliza. "Nani amefunga?"

"Nyinyi."

Akainua mikono yote miwili juu akishangilia, pale pale alipolala chali.

"Tulia, daktari wako amesema usijitikise," nikamwambia. Nilikuwa nikilia waziwazi mbele ya Kagio yote, na mguu wake niliushika vile vile, umenyooka, mpaka machela ikaja.