Jasho la Chombo, Maji ya Wifi

Kwa miaka mingi maji ya Mirihi yalikuwa mali ya Mama Ukavu. Si kwamba aliyanywa. Alikaa ofisini, kwenye kiti kinacholia kila akijigeuza, akisoma vipimo vya chombo kinachoizunguka sayari hiyo. Chombo hutazama jua likizama ukingoni mwa Mirihi. Mvuke wa maji hunyonya sehemu ya mwanga, na mwanga uliopungua ndio husema hewa ile ina maji kiasi gani. Jibu la mama huyu kila msimu: kiduchu. Ndipo wakampa jina hilo, naye akalivaa kama cheo.

Kisha akamtafutia wifi yake, dada wa mumewe, kazi humo humo. Alijitakia! Wifi hajakaa sawasawa, katangaza kuwa kiangazi hiki ncha ya kaskazini imejaa mvuke. Mkuu wa ofisi akaitisha mkutano: mvuke huo ukithibitika, Wifi ndiye atakayeamua chombo kitazame wapi msimu ujao.

Kijicho kikamkaba Mama Ukavu. Nyumbani mumewe akathubutu: "Dada yangu kagundua maji, ati!"

"Akafulie basi."

Mkutanoni alianza kwa utamu wa sumu ya panya. "Wifi yangu mpenzi, umesahau kutoa jasho."

Jasho ni unyevu ambao chombo kilitoka nao duniani. Jua likikipiga, unafuka, nacho hujipima chenyewe kikidhani kimepima sayari. Mama Ukavu alilitoa, kiasi kile kile, katika kila hesabu.

"Sijasahau, Wifi. Nimekielekeza kwenye jua tupu, juu kabisa ya hewa ya Mirihi. Jasho hakuna, lilishakauka. Kwani wewe ulilipima lini?"

"Kilipofika."

"Mara hiyo moja tu?"

Watu wakaanza kuchunguza viatu vyao. Kumbe miaka yote sayari ilikaushwa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Akaagizwa kurudia hesabu zake zote. Alirudia amenuna, akiuombea mvuke wa Wifi upotelee mbali. Badala yake akakuta mvuke mwingine, mwingi zaidi, ncha ile ile, kiangazi cha nyuma. Aliuona kwanza yeye, akaufuta mwenyewe!

"Safi sana," mkuu akasema. "Umemthibitishia wifi yako. Chombo ni chake."

"Hongera, Wifi!" Wifi akamkumbatia. "Kumbe uliyapata maji kabla yangu!"

"Niache. Huyo mwanamke aliyeyapata akayamwaga, nikimkamata namnyonga."