Kura Moja ya Kituo Chetu

Mara ya kwanza kupiga kura maishani mwangu, katika mchujo wa urais wa jimbo la Ohio, nilimzunguka mume wangu, na sijutii.

Sisi watu wa milima ya Kivu Kusini hatuliendei jambo kubwa bila kuketi. Jumapili, baada ya ibada, familia zilizokwisha kupata uraia hapa Columbus zilibaki kanisani, chai ikapita, na wanaume wakazungumza mpaka likapatikana neno moja: wote chama kimoja, wote mgombea mmoja. Mume wangu ndiye aliyekabidhiwa neno hilo. Akampigia simu mdogo wake wa Louisville na dada yangu wa Buffalo, ambao zamu ya majimbo yao ilikuwa bado, ili nao wajiandae kufuata. Mimi niliulizwa kama chai inatosha.

Siku yenyewe nilitoka kazini ghalani, miguu inawaka moto, moyo unaruka. Katika ukumbi wa shule nikaomba karatasi ya chama tulichokubaliana, nikasimama nayo peke yangu. Majina yalikuwa mengi. Nikaliona la yule bwana wa kwenye midahalo ya televisheni ambaye kila akifungua kinywa wagombea wenzake walimkatiza. Huyo nilimwelewa kabisa! Nikamwekea alama. Sikuogopa, maana baba yangu alizoea kusema kura ikishaingia sandukuni imeingia tumboni mwa mkubwa, haitoki tena. Nani angejua?

Kesho yake mume wangu alikaa mezani na simu, akisoma matokeo ya kituo chetu, jina kwa jina. Kumbe hutolewa hata kwa kila kituo! Mgombea wetu alikuwa na kura nyingi, akatabasamu. Akashuka chini ya orodha, akafika kwa yule bwana wangu wa televisheni. Kura moja.

Hiyo ilikuwa yangu. Ningeweza kunyamaza, Wamarekani wa kusingizia pale kituoni walikuwa tele. Lakini mume wangu akacheka.

"Bon, huyu mujinga moja njo nani? Muntu mwenyewe alishajitosha mu uchaguzi zamani, jina tu njo lilibakia ku karatasi."

"Ni mie," nikasema. "Na balihesabu kura yangu."

Akaiweka simu mezani. Nilijua linalomuuma: neno moja alilowatangazia watu limevunjikia nyumbani kwake. Nami nilipaswa kuona haya, lakini nilichukua ile simu nikaitazama ile moja yangu, nikafurahi kama mtoto. Haikuwa tumboni mwa mtu yeyote.

Simu ikaita mkononi mwangu. Alikuwa shemeji wa Louisville, anataka kujua kama sote tulishika neno. Mume wangu akaipokea.

"Bote," akasema, kisha akakohoa. "Donc, bote ila moja. Iko hapa. Umuulize yeye mwenyewe."

Akanirudishia simu. Nikaeleza mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyenikatiza.