Tumbaku Aliyoipokea Rosella

Rosella Northbird aliipokea ile tumbaku kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Keller, kijana wa kampuni ya bomba la mafuta, alibisha hodi mlangoni kwake asubuhi, kofia mkononi, adabu tele. Akamnyooshea kifurushi cha tumbaku kilichofungwa kwa kitambaa chekundu, vizuri kabisa. Rosella akadhani huyu naye ni mgeni anayetaka kufundishwa kuvuna mpunga wa ziwani, maana kila kiangazi huja wawili watatu. Akapokea.

Ndipo yule mshenzi akataja ombi lake: Rosella asikae tena na wenzake kuziba barabara ya kwenda kwenye pampu ya kampuni, ile inayonyonya maji ya ziwa. Akaaga, akaenda zake akitabasamu. Kuna mtu alimfundisha, jamani! Alijua fika kwamba kwa Waojibwe, kabila la Rosella, ukishapokea tumbaku ya mtu, umemkubalia.

"Hivi wifi, una akili timamu?" Bernice alimfokea alipopata habari. "Mtu wa kampuni anakuletea kitu, unapokea kama pipi?"

"Nilijua anataka kufundishwa!"

"Kufundishwa nini? Viatu vyake vya kampuni hukuviona?"

Miaka yote Rosella ndiye aliyelifungua ziwa. Hakuna aliyeingiza mtumbwi majini mpaka yeye aonje punje na kusema mpunga umeiva, na watu walimsubiri kwa sababu neno lake halikuwahi kugeuka. Akilivunja hili, nani atamsikiliza tena?

Akaenda kumrudishia Keller kifurushi. Keller akatia mikono mifukoni. "Bibi, ulishapokea," akasema.

Basi Rosella akabaki nyumbani, anachemka kwa hasira. Wanawake wenzake wakakaa barabarani bila yeye, na polisi wakawa wanawabeba mmoja mmoja kama magunia. Pampu ikaendelea kuvuta maji. Siku aliyoteremka ziwani alikuta mpunga, ungali mbichi, umelala kwenye tope, na mahali alipokuwa akipitisha mtumbwi na mama yake pamekauka. Wanaoiba maji ndio wanaomkumbusha yeye mila! Wanawakausha, halafu wanataka yeye ndiye awe mwaminifu!

Kesho yake akaenda barabarani, akaketi katikati ya matope.

Keller akaja mbio na polisi. "Bibi, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana, ndiyo. Nilipokea, sikatai. Na leo nakuvunjia neno mbele ya watu wote. Aibu ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Wewe ondoa pampu yako!"

Hakuna mwanamke aliyeshangilia. Wote walijua alichokitupa.

Bernice akamshika bega. "Wifi, inuka, nakuomba. Tumbaku imekufunga wewe, sisi haijatufunga. Tutakaa sisi."

"Mpaka mwishe? Mmebaki wanne tu."

"Hata tukiwa wanne."

"Sitawaangalia mkibebwa mimi niko jikoni. Sikiliza. Mwaka huu ziwa utalifungua wewe."

"Usinitanie, Rosella."

"Nakutania mimi? Neno langu limeshaharibika. Watu hawawezi kuingia majini kwa neno la mtu kama mimi."

Bernice akaangua kilio. Akamgeukia Keller, akamporomoshea matusi ya nguoni mpaka masikio yakamwiva, kisha akaketi ubavuni mwa wifi yake. Wale watatu nao wakaketi.

Polisi walianza na Rosella. Walipomnyanyua, Bernice akapaza sauti huku kamasi zikimtoka, "Sasa nitajuaje kama umeiva?"

"Ng'ata punje! Ikitoa maziwa, warudishe wote nyumbani!"

"Wakibisha je?"

"Wafokee! Hata kaka yangu mfokee! Halafu uangalie upande wa kusini kwanza, huko ndiko..."

Mlango wa gari ukafungwa, naye alikuwa bado anaeleza.