Uliza Tester Kwanza

Mume wangu hakusema kupima waya. Alisema kuuliza. Kabla ya kushika chochote alichomoa tester kwenye mfuko wa shati, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, akaigusisha kwenye waya na kusema, "Ngoja tuiulize." Taa ikiwaka, waya una moto. Isipowaka, alishika kwa mkono mtupu. Mafundi wa Huruma, mtaa wetu hapa Eldoret, walizoea hivyo, maana nyumba zetu za kupanga ziliwekwa stima na yeyote aliyekuwa na kipande cha waya wa rangi yoyote, na nyekundu haikumaanisha kitu. Nasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyomuua, na sitaki mtu asome akitarajia vingine.

Gari la kuchezea, la rimoti, alipewa na mhandisi mmoja Mzungu wa kiwanda cha nguo aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Mota ilikuwa imefunguliwa, na spidi kontrola, kile kisanduku kinachoipimia mota nguvu ya betri, kilining'inia pembeni na nyaya zake zilizochujuka rangi. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa darasa la nne. Alilitoa kwenye katoni, akalipangusa kwa sketi ya shule.

"Baba, litatembea?"

"Litatembea mpaka Ainabkoi kwa shosho yako."

Mtoto alishika neno hilo kama kiapo. Jirani yeyote aliyepita mlangoni aliambiwa kwamba shule zikifungwa, gari linaenda Ainabkoi, kijijini kwa bibi yake.

Jumamosi moja mvua ilipiga mabati tangu asubuhi. Mume wangu alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, chuma cha kulehemu kikiwa ndani ya makaa. Akaiuliza tester waya wa kwanza wa betri. Haikuwaka. Akauliza wa pili. Haikuwaka vilevile.

"Zote nyutro, hakuna yenye moto," akasema, kama hakimu anayefunga kesi.

"Nyutro mbili? Na betri umeichaji wewe mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mama, wacha fundi afanye kazi," akanijibu.

Akaunga alivyoona yeye. Kulitoka mlio mdogo, halafu moshi, halafu harufu iliyotutoa sote nje kwenye mvua. Kontrola ilikuwa imeungua tumbo lote, na Eldoret nzima hakuna duka ambalo lingekuuzia nyingine. Mtoto alilia. Baba yake aliiangalia tester, akaangalia betri, ndipo akaelewa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe hii haijui betri! Inajua stima ya nyumba peke yake. Moto uko na inanyamaza tu!"

Nilimpa jina, Fundi wa Nyutro Mbili, na nilimwita hivyo hata mbele ya wenzake. Mimi si mtu wa kuachia utani ufe mapema. Naye hakukasirika. Alikusanya koili ya jiko la stima lililoharibika na kipande cha shaba kutoka swichi kuukuu, akaanza kuunda kontrola yake mwenyewe: koili ya kupunguza nguvu, na kimkono cha kuteleza juu yake rimoti ikibonyezwa. Sakafu ya betri aliikata kutoka pakiti ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, ambayo mtoto alikunywa shuleni. Zilibaki nyaya mbili za mota, zote nyeusi. Zile nitaunga kesho, alisema.

Kesho yake aliitwa kazi West Indies, mtaa mwingine wa hapa mjini. Mwenzake aliyekuwa naye ndiye aliyenieleza. Ngazi ya mbao, gumbuti za mpira miguuni, jua la saa sita kali. Aliuuliza waya. Labda taa haikuwaka, maana mbao na mpira vilimtenga na ardhi, labda iliwaka na jua likaificha. Alisema, "Imenyamaza," akashika, mkono wake wa pili ukiwa juu ya mabati.

Watu walikuja kunifariji na mimi nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Nikisonga ugali namgombeza: si wewe uliyenusa ule moshi? Si wewe uliyesema kwa mdomo wako kwamba moto unaweza kuwepo na tester inyamaze? Na ulicheka! Nilimpenda mtu huyu, na sijui nimgombeze wapi kwingine.

Tulimzika Ainabkoi, pembeni mwa shamba la viazi. Tuliporudi Huruma, mtoto alivuta ile katoni.

"Mama, zimebaki nyaya mbili tu."

Nilikuwa nimemtazama akilehemu miaka yote ya ndoa yetu. Nikatia chuma kwenye makaa. Nilipogeuka, mtoto alikuwa amefungua mkoba wa baba yake, ameninyooshea tester.

"Uliza kwanza."

Nilitamani kuitupa motoni. "Hiyo haijui betri. Si Baba alituambia?"

"Kwani alijua?"

"Alijua."

Akaigeuza mkononi. "Sasa mbona aliiuliza tena?"

Niliinama nikaunga nyaya, nikiona ukungu tu. Mtoto akasukuma kijiti cha rimoti mbele. Gari likatetemeka, likaanza kwenda. Lilirudi nyuma. Lilienda rivasi polepole, likaingia chini ya kitanda na kugonga gumbuti za baba yake, zile nilizorudishiwa pamoja na mkoba.

"Nyaya zimebadilishana," akasema. "Baba angezigeuza."

"Nitazigeuza mimi. Lilete."

Akaingia chini ya kitanda kulitoa. Mota iliendelea kuunguruma ikisukumana na gumbuti. Nikamwita, hakutoka. Nilipoinama nilimkuta amelala kifudifudi akilia, mikono yake yote miwili imo ndani ya gumbuti mpaka kwenye viwiko. Nikachomoa waya wa betri, nikaingia kule chini nikalala naye.